Pakingi ikihama, bei inahama nayo



Asubuhi moja nilishuka Uvira na vitunga sita vya nyanya. Nilikuwa nimetoka Luberizi saa kumi za usiku, juu nyanya hazipendi jua. Nilikuwa nimepanga kama siku zote: gari itaniacha pakingi, pale karibu na soko, wabebaji wawili watanisaidia, na saa mbili nyanya zangu ziko mbele ya wateja. Gari haikufika soko. Ilisimama mbali, katika uwanja ambao sikuwahi kuona gari ikisimama ndani yake, na konvoyeri akaanza kushusha mizigo. Nikamuuliza, "Kijana, hapa ni wapi? Mimi nashukia pakingi." Akanijibu bila kuniangalia, "Papa, njo hii pakingi. Ile ingine ilishahama tangu juzi."

Tangu juzi! Hakuna aliyetuambia. Redio haikusema, shefu wa kijiji hakusema, hata dereva tuliyempa franga ya safari hakusema. Nikatafuta motari. Moto moja inabeba vitunga viwili tu, kwa hiyo ilienda na kurudi mara tatu, na kila safari nililipa. Nilipofika soko ilikuwa saa nne imepita. Wamama wa restora na wale wanaouza rejareja walikuwa wameshanunua na kuondoka. Vitunga viwili vilikuwa vimepondeka chini. Vilivyobaki niliviuza kwa bei ya jioni, na nyote mnajua bei ya jioni. Nilirudi nyumbani na franga ya chumvi na sabuni, basi.

Sikuandika ili mnihurumie. Kila mmoja wenu ana hadithi yake ya namna hii. Naandika kwa sababu siku ile nilielewa jambo ambalo miaka mingi sikuliona: sisi wakulima tunazungumza sana juu ya mbegu, mbolea na mvua, lakini juu ya pakingi hatuzungumzi. Tunaona pakingi ni mambo ya madereva na ya Leta. Mimi nasema hapana. Pakingi ni kipande cha shamba letu. Pale ambapo mzigo unakutana na gari, ndipo bei inapokatwa. Na mahali pale, katika bonde letu, pamehama mara nyingi sana, na hakuna mara hata moja ambapo mkulima aliulizwa.

Kutoka reli hadi lori

Wazee wetu waliona stesheni ya kweli. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa reli iliyotoka bandari ya Kalundu, ikapita bonde lote na kuishia Kamanyola. Haikupanda milima. Mizigo ya kwenda Bukavu ilishushwa Kamanyola na kupakiwa upya katika malori. Reli ile iliachwa kabla ya Uhuru wa 1960. Leo ukimwambia mtoto wa Sange kwamba gari ya moshi ilipita hapa, atacheka, atafikiri unamtungia hadithi.

Msiwaze kwamba reli ile ilijengwa kwa kumfurahisha mkulima. Wakati ule baba zetu walilazimishwa kulima pamba, na bei haikuwa yao. Lakini kuna somo moja pale. Kamanyola ilipata nguvu kwa sababu safari ya reli iliishia pale na safari ya lori ikaanzia pale. Mahali ambapo mzigo unabadilisha chombo, watu wanakusanyika: wabebaji, wapishi, wanunuzi, wenye depo. Franga inashuka pale. Reli ilipokufa, barabara ikashika kazi, na vijiji vilivyo kandokando ya barabara vikawa na pakingi zao ndogo, kila kimoja na mti wake au na daraja lake.

Baada ya Uhuru lori ndilo lililokuwa basi letu. Watu walikaa juu ya mizigo. Lori lilikuwa na siku yake, na siku yake ilikuwa siku ya soko. Mkulima wa Bwegera au wa Luvungi alijua: siku fulani lori litapita, litasimama karibu na soko, litapakia muhogo, mupunga, mahindi, na mtu mwenyewe juu yake. Ilikuwa taabu, vumbi na mvua vilikuwa vyetu, lakini mzigo na mwenye mzigo walisafiri pamoja na kushuka pamoja, mahali pamoja. Pakingi na soko vilikuwa kitu kimoja.

Basi ndogo, ajansi, na moto

Vita vya 1996 na vya 1998 viliharibu mpango ule. Wenye malori wengi walikimbia au walipoteza mali zao. Barabara ikajaa bariere. Wakati magari yaliporudi, hayakurudi yale yale. Zikaja basi ndogo, Hiace na ndugu zake, zenye kubeba watu na mikoba. Halafu zikaja ajansi, kila moja na ua wake, na tiketi yake, na saa yake ya kuondoka. Kwa msafiri ni jambo zuri, sitasema uongo. Mwanafunzi anayekwenda Bukavu, mgonjwa anayekwenda hospitali, wanajua watakaa wapi na wataondoka saa ngapi.

Lakini angalia mkulima. Ajansi inataka mtu mwenye sakoshi moja. Wewe ukifika na viroba vitatu vya muhogo mkavu, unaambiwa ungoje gari ya mwisho, au utafute Fuso, na Fuso haisimami katika ua wa ajansi. Kwa hiyo mtu anaondokea mahali pamoja, mzigo wake unaondokea mahali pengine. Wangapi kati yenu mmefika mjini mkakuta kiroba kimepungua, kamba imefunguliwa na kufungwa tena? Unamuuliza nani? Wewe ulikuwa katika basi, kiroba kilikuwa katika lori.

Halafu zikaja moto. Motari amesaidia sana vijiji vilivyo mbali na barabara kubwa, kule ambako gari haifiki. Lakini kila pakingi inaposogezwa mbali na soko, katikati yake na soko inaingia moto, na moto inalipwa. Hivyo safari moja ya zamani leo imekuwa safari mbili au tatu, na kila safari ina mlipaji mmoja tu: wewe.

Kamanyola nayo imeonyesha mambo. Kwa miaka mingi, mtu wa Uvira aliyetaka kufika Bukavu kwa haraka alivuka Kamanyola, akaingia Bugarama katika Rwanda, akafuata kaburimbo yao, akarudi Kongo kupitia Ruzizi. Wengi waliikimbia njia ya Ngomo, juu ile milima haina huruma, hasa wakati wa mvua. Mwezi wa tatu 2020, mipaka ikafungwa sababu ya Korona. Kwa siku chache tu, njia iliyozoeleka ikafa, na watu wote wakarudia Ngomo. Hakuna mkulima aliyekuwa ametayarishwa. Waliokuwa na nyanya na vitunguu waliona vinaoza, na waliokuwa na muhogo mkavu walivumilia kidogo zaidi. Pakingi inaweza kufa kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi mbali na sisi.

Maji nayo yanahamisha

Si watu peke yao wanaohamisha pakingi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake pale Uvira. Watu makumi walikufa, nyumba nyingi zikabebwa, madaraja yakaharibika. Na Ziwa Tanganyika lenyewe lilikuwa likipanda. Mwaka wa 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za kandokando, na upande wa Kavimvira, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Burundi, watu walipita ndani ya maji.

Kila mara daraja linapokatika au barabara inapofunikwa, magari yanasimama ng'ambo hii na ng'ambo ile. Watu wanashusha mizigo, wanavuka kwa mguu au kwa mgongo wa kijana, wanapakia tena. Mahali pale panakuwa pakingi. Wanasema ni kwa siku chache. Lakini mmeona wenyewe: siku ya kwanza anakuja mama wa chai, siku ya pili wanakuja wabebaji, siku ya tatu anakuja mtu na kitabu cha jetoni. Ukishaona kitabu cha jetoni, ujue pakingi ile haiondoki upesi. Daraja linaweza kutengenezwa, lakini kitabu kinabaki.

Msiseme tu "turudishieni ya zamani"

Hapa nataka kusema jambo ambalo labda halitawafurahisha wote. Katika mikutano yetu, pakingi ikihama, tunalia tu: irudishwe pale ilipokuwa. Mimi mwenyewe nililia hivyo siku ya nyanya zangu. Lakini tukumbuke Sange.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka katikati ya Sange, kandokando ya barabara, mahali penye nyumba na watu wengi. Petroli ikamwagika. Wengine walikuja kuangalia, wengine walikuja kuchota. Wengine walikuwa karibu tu, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Hakuna mtu wa bonde hili ambaye hajui jamaa mmoja aliyepoteza mtu pale.

Ile haikuwa pakingi. Ilikuwa barabara inayopita ndani ya maisha ya watu. Lakini ndivyo tunavyoishi hata sasa: tunapakia kwenye ukingo wa barabara kubwa, mtoto anauza ndizi kwenye tairi la Fuso, mama anapanga viroba pale ambapo gari lenye kupoteza breki lingepita. Kwa hiyo anayesema pakingi itolewe barabarani na kuondolewa katikati ya watu, hasemi uongo. Anayesema isiwekwe mahali ambapo maji yatairudia, hasemi uongo pia. Mji unakua, magari yanaongezeka, na pakingi ya jana ilikuwa ya magari kumi.

Kwa hiyo sisi tusipigane na kuhama kwenyewe. Shida yetu ni hii: pakingi inahamishwa kana kwamba inabeba watu peke yao. Wanapima nafasi ya basi, wanaweka kibanda cha jetoni, basi kazi imekwisha. Hakuna banda la mizigo, hakuna balansi, hakuna njia ya mkokoteni kutoka pale hadi soko, hakuna hata kivuli cha kuweka sombe isinyauke. Mzigo wa mkulima haumo katika mpango. Na kitu kisichokuwa katika mpango kinalipa mara mbili.

Tupige hesabu

Nitatoa mfano, na mimi nimechagua namba zenyewe, ninyi wekeni namba za kwenu. Tuseme mama mmoja wa kooperative ana viroba vitatu vya muhogo mkavu. Soko la mjini linatoa 80 000 franga kwa kiroba. Zamani gari ilimshusha pembeni ya soko. Sasa inamshusha pakingi mpya. Kwa kila kiroba anaongeza moto 3 000, mbebaji wa kushusha 1 000, mbebaji wa kupandisha 1 000, na jetoni 500. Jumla 5 500 kwa kiroba. Kwa viroba vitatu ni 16 500. Akienda mara kumi kwa mwaka, ni 165 000. Yaani viroba viwili vizima na kitu juu yake vimeliwa na njia fupi ile ya kutoka pakingi hadi soko. Alilima, alipalilia, aling'oa, alilowesha, alianika, na viroba viwili havikumfikia.

Sasa aingie komisioneri. Anamkuta mama pale pale pakingi, amechoka, mtoto mgongoni, wingu limekuwa jeusi. Anamwambia, "Mama, leta kwa 72 000, nikutoe mzigo." Mama anahesabu: akifika soko atabakiwa na 74 500, lakini bado atangoja mteja, labda atalala mjini. Anakubali 72 000. Mimi simlaumu, hata wewe ungekubali.

Komisioneri je? Anakusanya viroba 20 kutoka kwa wamama saba. Anakodi gari ndogo moja, na kila kiroba kinamgharimu 1 500 kufika soko. Anauza 80 000. Anabaki na 6 500 kwa kila kiroba, mara 20 ni 130 000. Kwa asubuhi moja. Hakushika jembe.

Tunapenda kumwita mwizi. Ngojeni kidogo. Huyu mtu amefanya nini hasa? Amekusanya mizigo midogo ya watu wengi mahali pamoja, amekodi gari moja kwa wote, ameuza kwa pamoja. Wandugu, hiyo ni kazi ya nani? Hiyo ni kazi iliyoandikwa katika statuti za kooperative yetu, ukurasa wa kwanza. Komisioneri anafanya kazi ya kooperative, na analipwa mshahara wa kooperative, kwa sababu kooperative haiko pakingi. Kooperative iko wapi? Iko katika mkutano.

Depo zetu ziko wapi?

Na hapa sitawaacha wafadhili wetu, ingawa ninaandika katika jarida lao. Wao ndio walioniomba niseme ninavyofikiri.

Pitieni katika bonde mkahesabu depo zilizojengwa na miradi. Nyingine ni nzuri: ukuta wa matofali, bati, mlango wa chuma, kibao chenye rangi. Halafu ulizeni: ndani kuna nini? Mara nyingi mtakuta viti vya mkutano, au mbuzi wa mlinzi, au hakuna kitu. Wanasema wakulima hawana mwenendo wa kuuza pamoja. Inawezekana. Lakini mimi naona sababu nyingine. Depo ilijengwa pale ambapo kiwanja kilipatikana bure, au pale ambapo mtu mkubwa alitaka ijengwe, au karibu na ofisi ya kooperative ili wageni waione. Haikujengwa pale ambapo gari inasimama. Basi mama anatoa kiroba shambani, anakipeleka depo kwa moto, halafu anakitoa depo na kukipeleka barabarani kwa moto nyingine. Nani atafanya hivyo? Mama anajua hesabu kuliko mradi. Anapita depo bila kuiangalia, anakwenda moja kwa moja kwenye mti ule ambapo Fuso inasimama.

Sisi nasi tuna kosa letu. Wakati watu wa mradi walipokuja na kutuuliza "depo tuiweke wapi?", tulijibu "popote mnapotaka, asante sana". Tuliogopa kwamba tukichagua sana wataondoka. Depo ya bure iliyo mahali pabaya ina gharama yake, na tunailipa kila mavuno.

Tufanye nini

Sina dawa ya kila kitu. Barabara ya Ngomo si mimi nitakayeitengeneza, na ziwa halinisikii. Lakini mambo manne yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, tujue pakingi iko mikononi mwa nani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya entité za chini imetambua miji, komini, sekta na sheferi kuwa na uongozi wao na bajeti yao. Katika teritware ya Uvira tuna sheferi tatu: Bavira, Bafuliiru na Bonde la Ruzizi. Franga ya jetoni unayolipa inapaswa kuingia mahali fulani na kuonekana katika bajeti fulani. Kila mwanamemba aombe kitansi, hata kama ni ya 500. Mtu asiye na kitansi hukusanyia mfuko wake. Na kooperative iweke kitansi zote pamoja. Baada ya miezi sita tutakwenda kwa wenye mamlaka si kwa kulia tena, tutakwenda na karatasi mkononi: tazameni, wanamemba wetu peke yao wamelipa kiasi hiki hapa pakingi, na hapana hata banda la kujikinga mvua.

La pili, tuingie katika mazungumzo kabla pakingi haijahama. CARG, lile baraza ambalo wakulima na watu wa Leta wanakaa pamoja katika teritware, lina nafasi ya wakulima. Mara nyingi tunalitumia kuomba mbegu na majembe. Tuweke na neno la pakingi katika orodha. Na tusiende peke yetu. Chama cha madereva, wabebaji, wamama wa soko, motari, wote wanaumia pakingi ikihamishwa ghafla. Dereva si adui yetu. Naye anataka mahali pa kupakia upesi na kuondoka. Tuombe jambo dogo linaloeleweka: taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuhama, itangazwe katika redio na sokoni siku ya soko, na katika kila mpango wa pakingi mpya pawe na sehemu ya mizigo, mbali na barabara, yenye paa na sakafu iliyoinuliwa.

La tatu, tusingoje ukuta wa matofali. Tuanze na balansi, turubai na watu wawili wanaoaminiwa. Siku ya gari, kooperative ifike pakingi mapema, ipime viroba vya kila mwanamemba, iandike katika kaye mbele ya macho yake, ikodi gari moja kwa wote mpaka soko, iuze pamoja. Mchukue ule mfano wa viroba 20. Tukichukua ile 6 500 ya komisioneri, tukaacha 2 000 katika sanduku la kooperative kwa gari litakaloharibika na siku mbaya, 4 500 inarudi kwa mama kwa kila kiroba. Badala ya 72 000 anapata 76 500, na anarudi nyumbani mapema. Atakayeona hivyo mara mbili hatahitaji semina ya kumfundisha umoja.

Lakini lazima niseme hatari yake pia. Wale watu wawili wakila franga ya kwanza, kazi imekufa kwa miaka kumi. Ndiyo maana nasema wawili na si mmoja, na kaye ibaki wazi, na malipo yafanyike siku ile ile, si "ngoja Jumamosi". Komisioneri ana ubaya wake, lakini analipa mkononi pale pale. Kooperative inayochelewesha franga itashindwa naye, na itastahili kushindwa.

La nne, kwa wafadhili. Mkija tena kutujengea, kwanza kaeni nasi kandokando ya barabara siku mbili, siku ya soko na siku isiyo ya soko. Hesabuni magari, angalieni mizigo inatoka upande gani na inalala wapi. Ulizeni maji yalifika wapi 2020. Halafu chagueni kiwanja, hata kama ni cha kununua. Na kama pakingi ya mahali pale bado haijatulia, msijenge kabisa. Tupeni balansi, turubai na mkokoteni, vitu vinavyoweza kuhama pamoja na pakingi. Ukuta hauhami.

Neno la mwisho

Wazee waliona reli ikiondoka. Baba zetu waliona malori yakiondoka. Sisi tumeona pakingi zikienda huku na huku, mara kwa vita, mara kwa maji, mara kwa mpaka, mara kwa neno la mtu aliyekaa ofisini. Watoto wetu nao wataona zingine zikihama. Pengine siku moja kaburimbo itafika kila mahali na magari makubwa yatapita bila hata kusimama Bwegera wala Luvungi. Siku ile kijiji kisichokuwa na mzigo uliokusanywa pamoja, wenye kumfanya dereva akanyage breki, kitabaki kinaangalia vumbi.

Dereva hasimamishwi na mkono wa mtu mmoja mwenye kiroba kimoja. Anasimamishwa na viroba arobaini vilivyopangwa vizuri, vimepimwa, vinamngoja. Mahali pale ndipo pakingi itakapokuwa, hata kama hakuna aliyepiga muhuri.

Ninaomba katika mkutano wenu unaokuja, kabla ya kuzungumza juu ya mbegu, mtu mmoja asimame aulize maswali matatu tu: Mzigo wetu unakutana na gari wapi leo? Nani anatulipisha pale, na kitansi iko wapi? Na pakingi ile ikihama kesho, nani atatuambia?

Mkikosa majibu, msione haya. Mimi nami sikuwa nayo, asubuhi ile, na vitunga sita vya nyanya chini.